Macho Hayana Pazia

Methali isemayo kwamba macho hayana pazia hutumika aghalabu kuwa utetezi. Mtu amefumwa akitazama asichopaswa, naye hujiokoa kwa kuitaja: jicho liliumbwa wazi, halina mlango wala komeo, basi lawama imwendee aliyejiacha akaonekana. Utetezi ni mwepesi, lakini jambo linalotetewa ni zito. Utalii wa dunia nzima umejengwa juu ya kauli hiyo hiyo, kwamba aliyelipa nauli na kiingilio amenunua pamoja navyo ruhusa ya kutazama, na kwamba kila kilicho mbele yake kimekwisha kuridhia kutazamwa. Je, ipo haki ya kutazama? Au ipo desturi tu, iliyozoeleka mno hata ikavaa joho la haki?

Mji wa Oslo, mji mkuu wa Norwei, unafaa kulipima swali hili kuliko miji mingi iliyo mashuhuri zaidi. Hauna makasri ya Paris wala misikiti ya Istanbul. Ulicho nacho ni uwazi. Jumba lake la opera, lililofunguliwa mwezi wa Aprili mwaka 2008, lina paa la marumaru nyeupe ya Carrara lililoinamishwa hata likakaribia kugusa maji ya bahari, na kila apitaye, awe na tiketi ya onyesho au asiwe nayo, hulipanda paa hilo kama apandaye kilima. Akifika juu huuona mji wote, na hori refu la bahari linaloingia hadi katikati yake, na visiwa vidogo vilivyotawanyika humo. Kivuko humfikisha kwa dakika chache katika kisiwa cha Hovedøya, penye magofu ya nyumba ya watawa ya karne ya kumi na mbili, na watu wanaoota jua juu ya miamba. Akitaka misitu, treni ya mjini humpeleka hadi ukingoni mwa Nordmarka, akaingia msituni kwa miguu asikutane na lango wala mlinzi.

Uwazi huo haukuja kwa bahati. Desturi ya kale ya Wanorwei, kwamba ardhi isiyolimwa ni njia ya kila mtu hata ikiwa na mwenyewe, iliandikwa kuwa sheria mwaka 1957. Kwa sheria hiyo mpita njia huruhusiwa kutembea katika msitu wa mtu asiyemjua, kuchuma matunda ya mwituni, na kupiga hema alale. Lakini hema hilo lisiwe karibu na nyumba ikaliwayo na watu kuliko mita 150, wala lisikae mahali pamoja zaidi ya siku mbili bila ya ruhusa ya mwenye ardhi, isipokuwa milimani na mahali pa mbali na makazi. Mtu wa pwani akisoma kifungu hicho hawezi kujizuia kutabasamu, maana kwao mgeni naye huhesabiwa siku mbili, na ya tatu hupewa jembe.

Mita hizo 150 zastahili kutafakariwa. Hazikuwekwa kwa ajili ya ukelele peke yake, kwani mlala hema huweza kunyamaza usiku kucha na bado akawa maudhi kwa mwenye nyumba. Amemwudhi kwa kuwapo tu, kwa kuwa mahali ambapo kila afunguaye dirisha hukutana na macho yake. Hapa basi pana taifa lililompa mgeni nchi nzima aitembee na kuitazama, kisha likachukua utepe wa kupimia na kusema: mpaka hapa. Jicho halina pazia, nao wakalitungia umbali.

Katika tramu za mji huo umbali kama huo huwekwa bila ya sheria. Abiria hukaa kando ya dirisha, akaacha kiti cha pili kitupu, na aingiaye baadaye hutafuta safu isiyo na mtu. Hapana salamu, hapana kuulizana unatoka wapi na wa nani. Mgeni kutoka visiwani huumia mara ya kwanza. Amezoea kwamba kupitwa bila salamu ni kutukanwa, na kwamba asiyekutazama amekukana. Wengine hurudi makwao na hadithi kwamba watu wa kaskazini wana baridi moyoni kama iliyoko nje. Hukumu hiyo ina haraka. Yamkini kutomtazama mtu kwaweza kuwa sitara anayopewa, ruhusa ya kuwa na huzuni yake au uchovu wake bila ya shahidi. Kwaweza pia kuwa kumfuta. Kitendo ni kimoja, na anayetendewa peke yake ndiye ajuaye ni kipi kati ya hivyo viwili, jambo linaloonyesha kwamba uovu wa jicho haukai katika kutazama wala katika kutotazama kwenyewe. Pahala pake pengine.

Magharibi ya mji ipo bustani ya Frogner, na hakuna mtalii afikaye Oslo asipelekwe huko. Ndani yake yamesimama masanamu zaidi ya 200 ya Gustav Vigeland, mchongaji aliyezaliwa mwaka 1869 na kufariki mwaka 1943. Mwaka 1921 alifanya mkataba na mji: mji umjengee karakana na makazi, naye aukabidhi mji kazi zake zote. Bustani haina lango linalofungwa wala kiingilio, mchana au usiku, kiangazi au theluji. Juu ya daraja lake yamepangwa masanamu 58 ya shaba nyeusi. Na juu ya kilima imesimama nguzo ya mawe, Monolith, mwamba mmoja wa urefu wa mita 14 na zaidi kidogo, ambao wachongaji watatu waliufanyia kazi tangu mwaka 1929 hadi 1943, wakatoa ndani yake miili 121 iliyosongamana, mingine ikipanda, mingine ikibebwa, mingine ikielekea kuzama chini ya mingine.

Wote ni uchi. Wazee na vikongwe, mama na wanawe, wanaume wanaopigana, vijana wanaokumbatiana, hakuna hata mmoja aliyevikwa kitambaa. Mtu aliyelelewa katika haya na sitara huangusha macho mara ya kwanza, kisha huyainua taratibu, akatambua kwamba hakuna anayemwonea haya. Nguo hutangaza zama na cheo. Aliyevuliwa nguo katika jiwe hana karne wala kabila wala mali. Hana jina pia. Na kwa kuwa jiwe halina siri ya kufichuliwa, macho elfu hayalipunguzii kitu. Yupo mtoto mmoja wa shaba pale darajani, kijana mdogo aliyekunja ngumi na kupiga mguu chini kwa hasira, Sinnataggen kwa lugha ya wenyewe, ambaye wageni wamemshika mkono miaka mingi hata mkono huo ukasuguka ukang'aa rangi ya dhahabu huku mwili wake wote umebaki na weusi wake. Wamemshika bila ya kumwomba idhini. Naye hakudhurika, na hasira yake ni ile ile.

Ikiwa ni kiangazi, mgeni huyo akigeuka kutoka kwenye masanamu ataona nyasi zimejaa watu wa mji, wamejilaza juani na mavazi haba, wanakula, wanasoma, wanalala. Hapo mtihani hugeuka upande wake. Hao si mawe. Wala hawakujilaza ili watazamwe. Wamekuja kwenye jua kama jirani zake huko nyumbani waendavyo kivulini. Simu yenye kamera imo mkononi mwake, na nyumbani wapo watakaotaka kuona. Wasafiri wangapi wa pwani wameshindwa mtihani huo, wakarudi na picha za watu wasiowajua wamelala nusu uchi, wakazionyesha kwa kicheko au kwa kulaani! Na hao hao hukasirika mtalii akimpiga picha bibi aliyekaa kizingitini kwake akichambua mchele.

Ardhi hiyo ya Frogner ina habari nyingine, ya zamani kuliko Monolith. Mwaka 1914 Norwei ilisherehekea miaka mia ya katiba yake ya 1814. Mji bado uliitwa Kristiania. Jina la Oslo lilirejeshwa mwaka 1925. Taifa lilikuwa limetengana na Sweden miaka tisa tu nyuma, wanawake wake walikuwa wamepata haki ya kupiga kura bila ubaguzi mwaka 1913, na maonyesho makubwa yalitandazwa Frogner kuudhihirishia ulimwengu viwanda, meli na maarifa ya watu huru. Mfalme Haakon wa Saba aliyafungua mwezi wa Mei. Na katika upande wa burudani kilijengwa kijiji, vibanda vilivyoezekwa kwa makuti, na ndani yake wakawekwa Waafrika wapatao 80, wanaume, wanawake na watoto, ili wapike, wale, wafanye kazi zao za mikono na walee watoto wao mbele ya wapita njia. Kijiji kiliitwa cha Kongo. Wengi wa watu hao walikuwa wenyeji wa Senegal.

Maonyesho hayo yalidumu miezi mitano, na wageni walioyazuru walihesabiwa kuwa milioni 1.4 hivi, katika nchi iliyokuwa na watu wasiofika milioni mbili na nusu.

Jina lile la uongo lisipitwe haraka. Msenegali aliitwa Mkongo kwa sababu hakuna aliyehitaji kujua tofauti. Kongo ilikuwa imekwisha kuingia masikioni mwa Waskandinavia. Mabaharia na maofisa wengi kutoka nchi hizo walitumika katika dola ya Mfalme Leopold tangu mwaka 1885 hadi 1908, wakarudi na masimulizi na vinyago. Neno lilikuwa tayari limejaa picha, ikabaki kutafutwa watu wa kuijaza.

Atokeapo mtetezi wa maonyesho yale husema kwamba watu wa vijiji vya namna hiyo, ambavyo vilizungushwa katika miji mingi ya Ulaya, kwa kawaida walikuja kwa mikataba na kulipwa ujira, hawakuwa watumwa. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Mcheza ngoma hulipwa atazamwe, na mwigizaji pia, wala hakuna asemaye kwamba wamedhulumiwa. Na kuwaona watu wale 80 kuwa ni mateka wasio na akili ya kuchagua ni namna nyingine ya kuwadharau. Yamkini wapo miongoni mwao walioupima mshahara, wakaupima ugeni, wakaamua kwenda. Na jioni, macho yalipoondoka, wakawacheka Wanorwei na kofia zao.

Lakini mwigizaji huonyesha kazi yake, na pazia likishuka hurudi kuwa mwenyewe. Mwanamke wa kijiji kile hakuwa akiigiza upishi. Alikuwa akipika chakula cha wanawe. Kilichowekwa jukwaani ni kile ambacho kila mtu, Dakar au Kristiania, hukiweka nyuma ya ukuta: kuamka kwake, kula kwake, kumkaripia mtoto. Kisha macho yalikwenda upande mmoja tu. Mtazamaji aliporudi kwake jioni hakufuatwa na Msenegali hadi jikoni, wala hakuna Mnorwei aliyezungushiwa ua mjini Dakar apike viazi mbele ya Wasenegali waliolipa kiingilio. Mkataba ulifungwa kati ya mwajiri na mwajiriwa; jicho lenyewe halikuwa na mkataba na mtu.

Na lipo lililo baya zaidi. Umati ule wa watu ulipita mbele ya watu 80, na ni shida kuamini kwamba wengi wao waliuliza jina la hata mmoja. Walikuja kuona namna ya watu. Kila aliyekaa mbele ya kibanda aligeuzwa kielelezo, kama samaki mmoja sokoni awakilishavyo samaki wote wa aina yake. Ujira haufidii hilo, kwani mwenye kulipwa aliuza kazi yake na miezi yake, ilhali alichonyang'anywa, kule kuwa fulani bin fulani, hakikuwa katika bei. Wala hapakuwa na mwizi wa kumkamata. Kila mmoja alitazama kidogo tu akapita, na macho hayana pazia.

Mwaka 2014, katiba ilipotimiza miaka 200, wasanii wawili, Mohamed Ali Fadlabi mzaliwa wa Sudan na Lars Cuzner, walikijenga upya kijiji kile katika bustani hiyo hiyo ya Frogner, wakawaalika watu wa rangi yoyote wajitolee kukaa ndani yake. Walisema taifa lilikuwa limeisahau habari ile, nao wakataka ikumbukwe. Ugomvi ulikuwa mkubwa. Waliopinga walisema dhuluma haifundishwi kwa kurudiwa. Neno lao lina nguvu, lakini laficha swali gumu: ikiwa kijiji cha kwanza kilisahauliwa na watu walioona fahari kukitazama, kitakumbukwa kwa njia gani isiyokuwa kutazama? Jicho lililokosa ndilo pia litakiwalo kushuhudia. Kumfumba macho hakumrekebishi mtu. Kazi ya wasanii wale haikuwa nzuri kwa sura, wala pengine kwa adabu, lakini walikuwa na haki ya kutaka Frogner isiwe ya mawe peke yake.

Wafu nao wamo katika hesabu hii, na Oslo inao. Katika rasi ya Bygdøy lilikuwapo jumba la meli za Waviking, lililofungwa mwaka 2022 ili lijengwe upya na kupanuliwa. Fahari yake ni meli ya Oseberg, iliyofukuliwa mwaka 1904. Wageni huistaajabia nakshi yake, na kwa kweli mbao zake zimechongwa kwa ustadi ambao fundi wa milango wa Lamu angeutambua mara moja. Lakini meli hiyo ni kaburi. Wanawake wawili walizikwa ndani yake mwaka 834, mmoja mzee, na waliowazika walifunika chombo kizima kwa kilima cha udongo, wakidhani wameifunga safari. Mwaka 1948 mifupa yao ilirudishwa kilimani. Mwaka 2007 ikatolewa tena kwa ajili ya uchunguzi. Huko huko Bygdøy, jumba la Kon-Tiki lilihifadhi vitu na mifupa ya watu ambayo Thor Heyerdahl aliitoa kisiwa cha Rapa Nui katika safari yake ya miaka ya 1955 na 1956. Mwaka 2019 ilikubaliwa irudishwe, na mwaka 2024 ujumbe wa Rapa Nui ulifika Oslo wenyewe kuwapokea wazee wao. Wanawake wa Oseberg hawana wa kuja kuwadai. Tofauti hiyo si ya sheria tu. Aliyekufa huwa na sitara maadamu yupo amwitaye babu au bibi. Ukoo ukikatika, huwa ni kitu cha kale.

Msomaji wa visiwani asiyasome haya kama mashitaka dhidi ya watu wa mbali. Ni kweli kwamba miji yake imekuwa upande wa kutazamwa. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, na tangu hapo vichochoro vimezidi kujaa wageni. Ni kweli pia kwamba mabingwa wa zamani wa ujenzi waliyajua macho kuliko wanafalsafa. Nyumba ya mawe ya Lamu humpokea mtu kwa vituo: daka lenye baraza nje, ambapo apitaye na akaaye hutazamana na kusalimiana, kisha ukumbi wa kuingilia uliopindwa makusudi ili mlango ukiwa wazi mtu asione ndani, kisha kiwanda, na mbali kabisa, ndani. Kila hatua ina hodi yake na jibu lake. Yule wa barazani hutazama kutwa wala hamdhulumu mtu, kwa kuwa naye anatazamwa, na jina lake linajulikana, na atazamaye hulipa papo hapo kwa salamu.

Lakini hapo hapo mjini Unguja, Mkunazini, palikuwa na soko ambalo wanunuzi walizunguka watu wakiwafunua midomo na kuwageuza migongo, hadi lilipofungwa mwaka 1873. Wanunuzi wengi walikuwa watu wa staha, wenye kupiga hodi mara tatu majumbani kwa wenzao, wenye wake waliositiriwa. Waliijua sitara kwa ukamilifu wake, wakaamua ni ya nani na si ya nani. Kristiania ya mwaka 1914, pamoja na katiba yake, haikufanya lolote la ajabu kwa kulinganisha na hilo.

Msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, aliweka ukumbusho mahali hapo mwaka 1998, kando ya kanisa lililojengwa juu ya soko. Ni masanamu ya watu watano ndani ya shimo, chini ya usawa wa ardhi, minyororo shingoni. Mkono uliowachonga ulitoka kaskazini, jirani ya Vigeland, na kama watu wa Vigeland nao hawana majina. Lakini hawa wamevikwa nguo. Atakaye kuwaona nyuso zao hana budi kusimama ukingoni na kuinamisha kichwa. Wapo watalii wapigao picha hapo huku wakitabasamu, na wapo wakaao kimya kitambo, kisha wakairudisha kamera mkobani. Kiingilio walicholipa ni kimoja.